Kidole kwenye kichwa cha ribiti

Babu yangu mzaa mama alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto, na la kulia nalo lilimsaidia kidogo tu. Ukitaka kumwamkia ilibidi umzunguke, usimame kuliani, kisha useme "Shikamoo Babu" kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Sisi wajukuu tulidhani ni uzee. Bibi ndiye aliyetuambia baadaye kwamba uziwi ule ulianza kabla mama yetu hajazaliwa, na kwamba wenzake wengi wa karakana ya bandarini Kigoma walikuwa hivyo hivyo. Pale mtaani kwetu Mwanga, Kigoma, nyumba ambayo redio yake ilisikika mpaka barabarani, ulijua humo anakaa fundi wa ribiti.

Ribiti ni msumari mnene wa chuma wenye kichwa upande mmoja. Unaupasha moto mpaka uwe mwekundu, unaupenyeza kwenye tundu lililotobolewa kwenye mabamba mawili yaliyolaliana, kisha mtu wa upande huu anaukandamiza kichwa kwa chuma kizito huku mwenzake wa upande wa pili akiuponda ncha kwa nyundo mpaka nayo iwe kichwa. Unapopoa unasinyaa, na kwa kusinyaa unayavuta yale mabamba yabanane kuliko bolti yoyote ingeweza kuyabana. Kazi ya watu wanne: mmoja mwenye jiko la makaa, mmoja wa kupokea ribiti ya moto na kuichomeka, mmoja wa kukandamiza, mmoja wa kuponda. Huyo wa kukandamiza hukaa ndani, kwenye tumbo la meli, na ndani ya tumbo la chuma kila pigo la nyundo hurudi kutoka pande zote. Babu ndiye aliyekaa ndani.

Meli aliyoifanyia kazi karibu maisha yake yote ni Liemba. Watu wameisimulia sana meli hiyo, hasa wageni, na simulizi yao ina mahali inapopenda kusimama: Wajerumani, mizinga, grisi, kuzama na kuibuka. Nitapita huko huko, maana ni kweli na ni ya kusisimua. Lakini mimi ninaisoma meli hii kuanzia kwenye ribiti.

Ziwa Tanganyika halina mlango wa kupitisha meli. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, kina chake kinapita mita 1,400, na maji yake yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, unaoteremka kwenda Kongo kwa maporomoko. Chombo chochote kikubwa unachokiona ziwani kilipita nchi kavu kwanza. Kwa hiyo mchoraji wa meli ya ziwani, kabla hajafikiria mawimbi wala abiria, anafikiria behewa: kipande kikubwa kuliko vyote kina urefu gani, kitaingia kwenye behewa au hakiingii? Na pasipokuwa na behewa, anafikiria shingo za watu. Chauncy Maples, meli ya misheni ya Kiingereza kwenye Ziwa Nyasa, ilitengenezwa Glasgow mwaka 1899 na kuletwa ikiwa vipande 3,481. Boila lake, la tani 11, halikubebeka vichwani. Lilifungwa magurudumu likavutwa kwa kamba na mamia ya Wangoni, wakipita njia waliyokuwa wakiikata wenyewe. Kila nikifikiria boila lile naona migongo ya watu, sioni meli.

Liemba ilikuwa na bahati ya reli. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer kilichopo Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, kilipewa kazi ya kuunda meli kwa ajili ya Tanganyika. (Papenburg yenyewe haipo baharini. Ni mji wa ndani, na meli zake mpaka leo hushushwa kwa mto Ems kabla ya kuonja chumvi. Labda ndiyo maana hawakuogopa kazi ya namna hii.) Walikaza mkuku, yaani uti wa chini wa meli, wakasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, wakavisha mabamba, yote kwa bolti na nati. Hawakupiga ribiti. Meli ilisimama nzima mbele ya macho yao, wakahakikisha kila tundu linakutana na tundu lake, kisha wakafungua bolti na kuivua kipande kwa kipande, wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000. Masanduku yakapanda meli mpaka Dar es Salaam, yakapanda treni mpaka Kigoma, ambako Reli ya Kati ilikuwa imefika mapema mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani.

Pamoja na masanduku walikuja mafundi watatu wa Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yanajulikana, na wanastahili yajulikane. Lakini watu watatu hawapigi ribiti meli ya mita sabini. Niliyoyaeleza hapo juu yanahitaji timu ya watu wanne kwa kila ribiti, na meli ya ukubwa ule ina ribiti maelfu kwa maelfu. Hesabu yenyewe inakwambia kulikuwa na umati pale ufukweni: wa kufukuta makaa, wa kurusha ribiti, wa kuinua mabamba kwa kamba, wa kukaa ndani ya tumbo na kukandamiza. Meli ile ilipigwa ribiti kwa mara ya kwanza Kigoma, na mikono ya Kigoma. Tarehe 5 Februari 1915 iliteremshwa majini. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshaanza miezi sita nyuma.

Ikapewa jina la Graf von Goetzen. Huyo Götzen alikuwa gavana wa koloni kuanzia 1901 mpaka 1906, na ni chini yake vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, vita ambavyo jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala kusini mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Sijawahi kulitamka jina hilo kwa raha.

Je, ilikuwa manowari? Ilichorwa kuwa meli ya abiria na mizigo, na ukiitazama umbo lake bado utaona hivyo: omo, yaani pua ya meli, lililonyooka, sitaha ndefu, vyumba juu, ghala mbele. Lakini wakati ule meli ya abiria katika ziwa la koloni ilikuwa tayari ni nusu ya jeshi. Ilikuwa na uwezo wa kubeba askari kati ya 800 na 900 kwa safari moja, kutoka Kigoma mpaka Bismarckburg, na Bismarckburg ndiyo Kasanga ya leo. Njia ambayo baadaye mama muuza dagaa angeipita ndiyo ilikuwa njia ya askari. Kisha wakaipachika mzinga. Manowari Königsberg ilikuwa imekwama katika delta ya Rufiji, Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1915, wakaing'oa mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 na kuisambaza kokote penye vita. Mmoja ulipanda treni ile ile iliyoleta masanduku. Mzinga wa baharini ukafika ziwani kwa reli.

Waingereza walijibu kwa boti mbili ndogo za mbao za mota, Mimi na Toutou, kila moja kama mita 12. Ziliteremshwa Cape Town, zikapanda treni kwenda kaskazini, zikaburuzwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai, zikaelea sehemu ya mto Lualaba, zikapanda treni tena mpaka ziwani upande wa Kongo. Siku moja baada ya Krismasi ya 1915 ziliteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Februari 1916 zikazamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Goetzen hawakuigusa. Ilikuwa kubwa mno kwao, na kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikataa kupigana nayo. Yeye hakujua kwamba baadaye mzinga ule mkubwa uling'olewa ukapelekwa kwa jeshi la nchi kavu, na badala yake kukasimamishwa mzinga wa bandia.

Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanaikaribia Kigoma. Amri ikatoka kwa Gustav Zimmer, kamanda wa Wajerumani ziwani: zamisheni meli. Hapa ndipo pale penye grisi. Mafundi wale wale walioiunda waliambiwa waiue, wakaamua kuilaza. Waliipaka mashine grisi nzito kila sehemu inayocheza, wakajaza mchanga, wakaipeleka kusini mwa Kigoma na kuizamisha tarehe 26 Julai kwenye kina cha mita kama 20.

Mtu aliyekulia ufukwe huu anajua maana ya mita 20. Ziwa letu halina adabu ya kuteremka polepole. Mahali pengi ukiondoka ufukweni kwa makasia kidogo tu, nanga haifiki chini. Mtu anayetaka meli isionekane tena alikuwa na kina cha kutosha mbele ya macho yake. Kuitafutia mita 20 ni kazi ya mtu anayetaka kurudi.

Wao hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza waliiinua kwa mara ya mwisho Machi 1924, wakakuta mashine na maboila yake bado yanafaa kutumika. Ikafanyiwa kazi miaka mitatu, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba. Ni jina ambalo Livingstone alilisikia mwaka 1867 alipofika ncha ya kusini, jina la ziwa lenyewe kwa watu wa huko. Hilo nalitamka kwa raha.

Babu aliajiriwa baada ya Vita Kuu ya Pili, mwanzo Reli ya Tanganyika, kisha Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1948. Waliomfundisha kazi walikuwa vijana wakati meli inaibuliwa. Sifa ya grisi waliijua, na walimpasia. Ila alipokuwa akisimulia yeye, grisi ilichukua sentensi moja. Kilichochukua jioni nzima ni mabamba.

Alikuwa akisema meli ya ribiti imeshonwa. Neno hilo alilitumia hivyo hivyo, kushonwa, na mimi niliposoma habari za mitepe ya Lamu na Pate, vyombo vya mbao vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, nilishtuka jinsi neno lake lilivyokuwa sahihi. Kitu kilichoshonwa kinaweza kufumuliwa. Bamba likiliwa na kutu huhitaji kugusa jirani zake: unakata vichwa vya ribiti, unalitoa, unapima jipya, unatoboa, unashona. Kesho meli ni ile ile ingawa bamba ni jingine. Meli ya kuchomelea ni ngozi moja. Ina faida zake, na Babu hakuzikataa: ni nyepesi, maana mabamba hayalaliani, haivujishi kwenye matundu, na inajengwa haraka mno. Wamarekani katika Vita vya Pili waliunda meli za mizigo zaidi ya 2,700 za aina moja kwa kuchomelea. Lakini ngozi moja ikipata ufa, ufa haujui pa kusimama. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, mpya kabisa, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia, bila bomu wala mwamba. Chuma cha wakati ule kilikuwa kinakakamaa kwenye baridi. Kwenye meli ya ribiti ufa ungefika mwisho wa bamba na kukutana na mshono, na mara nyingi ungeishia hapo.

Nisieleweke kwamba meli ya vipande haina kosa. MV Bukoba nayo ilikuja kwa vipande kutoka Ubelgiji, ikaunganishwa Mwanza mwaka 1979, na tarehe 21 Mei 1996 ilipinduka karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya watu wetu. Kule tatizo halikuwa mishono. Lilikuwa mizani: uzito uko wapi, juu au chini, na meli ikilala upande ina nguvu gani ya kujirudisha. Malalamiko juu ya mizani yake yalikuwepo tangu ikiwa mpya. Chuma imara kabisa hakimsaidii mtu kama mzigo umepangwa juu na abiria wamejaa kupita kiasi. Siku ile ya Mei nilimwona Babu analia kwa mara ya kwanza, redio ikiwa sikioni kama simu.

Kuhusu kidole. Nilikuwa darasa la tano, na yeye alikuwa ameshastaafu. Liemba ilikuwa gatini, mlinzi wa lango akamwita Mzee na kutupisha. Mashine za mvuke hazikuwemo tena, zilitolewa miaka ya sabini zikawekwa za dizeli, na Babu alipita mbele ya dizeli kama anayepita mbele ya mgeni asiyemjua. Alinishusha chini, akanionyesha mstari wa vichwa vya ribiti uliokwenda mpaka gizani, akatoa mfukoni kinyundo kidogo.

"Weka kidole hapa." Akakibana kidole changu ubavuni mwa kichwa cha ribiti, nusu kwenye kichwa, nusu kwenye bamba. Kisha akagonga ubavu wa pili.

"Umesikia?"

Nikaitikia kwa sauti ya kuliani mwake kwamba nimesikia.

"Sikukuuliza sikio. Nimekuuliza kidole."

Akagonga tena. Kidole hakikusikia kitu. Nyundo ilidunda, ribiti ikakaa kimya. Akanisogeza kwenye nyingine, ambayo chini yake kulikuwa na mchirizi wa kutu kama machozi yaliyokauka, akagonga. Safari hii kitu kilitetemeka chini ya ncha ya kidole changu, kidogo sana, kama mdudu aliyegeuka kwenye kiberiti.

"Hiyo imechoka," akasema.

Ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka yote ambayo masikio yalikuwa yamekwisha. Wengine walisikiliza mlio wa nyundo, kwa sababu ribiti iliyokaza inalia tofauti na iliyolegea. Yeye alisikiliza kwa kidole, na kwa maelezo ya bibi hakuna fundi aliyemzidi.

Mwaka 1993 Wadenmaki walisaidia kuikarabati upya, mashine mpya, nafasi za abiria 600. Mwaka 1997 Liemba, pamoja na meli nyingine ya ziwani, Mwongozo, zilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kwao Kongo baada ya Mobutu kuanguka. Nilikuwa kijana wa sekondari, na picha niliyobaki nayo ni ya magodoro yaliyokunjwa, mengi kuliko watu. Mei 2015 ilipelekwa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa mpakani na Burundi, ambacho wakati huo hakikuwa na barabara wala gati. Makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamelala kwenye ufukwe mwembamba na kipindupindu kimeingia. Meli ilitia nanga mbali kidogo, mitumbwi ya wavuvi ikawaleta watu mpaka ubavuni, wakapandishwa, wakaletwa Kigoma. Iliporudi ikabeba wengine, tena na tena, siku baada ya siku. Meli ya askari 900 ilikuwa inabeba mama na ndoo.

Nilisafiri nayo mara moja tu nikiwa mtu mzima, mwaka 2011, Jumatano jioni kutoka Kigoma kwenda Kasanga kikazi. Miaka saba baadaye ilisimama kwa ubovu, na nashukuru sikuahirisha. Mtu ambaye hakupanda hawezi kujua kwamba njia ile wakati huo karibu haikuwa na gati. Usiku wa manane honi inalia, mashine zinapungua, na kutoka gizani unaona taa ndogo ndogo zinakimbilia meli. Ni boti za kijiji. Zinagombania mlango wa ubavuni, watu wanaruka, magunia ya dagaa yanapanda, mananasi yanapanda, mtoto anapokelewa na mikono ya watu asiowajua. Mchoraji wa Papenburg aliyeiweka sitaha ile karibu na maji hakuwa na habari na Karema wala Kirando. Lakini urefu ule ndio uliomwezesha mama kutoka Kirando kupanda bila ngazi. Meli za kisasa zilizo juu juu zingehitaji gati kila kijiji, na gati hazikuwepo.

Usiku wa pili, baada ya Kipili, nilishuka chini. Kuta zilikuwa mchanganyiko: hapa bamba jipya limechomelewa, mshono wake umenyooka kama kovu la hospitali, na pembeni yake ribiti za zamani, zimepakwa rangi mara nyingi mpaka vichwa vyake vimekuwa laini kama kokwa za embe. Zipi zilipigwa 1915, zipi 1926, zipi na timu ya Babu, hakuna wa kuniambia. Hazina majina. Nilitoa funguo mfukoni, nikaweka kidole ubavuni mwa ribiti moja, nusu kwenye kichwa, nusu kwenye bamba, nikagonga upande wa pili.

Haikutikisika. Nikasogea kwenye ya pili.